Kabla Hujauliza Bei, Uliza Tangazo Limekuitaje

Kanda ya Ziwa ina bia yake, Balimi, inayopikwa Mwanza na Kampuni ya Bia Tanzania. Jina ni la Kisukuma na linawataja wakulima. Kampuni haikuridhika na jina peke yake. Balimi ilidhamini mashindano ya kupiga kasia, mitumbwi ya mikoa inayozunguka Ziwa Victoria ikichuana, na ikadhamini pia mashindano ya ngoma za asili za Kanda ya Ziwa.

Anayeijua Usukuma ataona upesi kwamba hapo hakikuletwa kitu kigeni. Wasukuma walikuwa wanashindana kwa ngoma muda mrefu kabla ya kiwanda. Kuna Bagika na kuna Bagalu, na mavuno yakishaingia ghalani pande hizo hukutana uwanjani, kila upande na mwimbaji wake, kila upande na dawa zake, na ushindi humwendea aliyevuta watu wengi. Kisesa, kwenye makumbusho ya Bujora yaliyoanzishwa na Padri David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, sherehe za Bulabo bado zinakusanya wachezaji. Umati ulikuwepo, ubishi ulikuwepo, fahari ilikuwepo. Kampuni ilileta zawadi na nembo.

Sina ugomvi na bia. Anywaye na anywe, ila asipande bodaboda baada ya hapo. Ninachotaka ukione, ndugu msomaji, ni jinsi kazi ilivyofanywa. Tangazo halikuanza kwa kusifu kinywaji. Lilianza kwa kukwambia wewe ni nani: mtu wa jembe, mtu wa ziwa, mtu wa ngoma. Ukishakubali kwamba ndiyo, huyo ni mimi, chupa inakuja yenyewe.

Na jina hilohilo liliwahi kufanya kazi nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa walikuwa na malalamiko makubwa kuhusu mizani ya wanunuzi. Kijana mmoja wa Mwanza, Paul Bomani, akazunguka vijijini kuwaunganisha katika vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikawa na shirikisho lao, Victoria Federation of Co-operative Unions, lililokuja kuhesabiwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika. Mkulima wa miaka ile alipoitwa mkulima, aliitwa aje kusimamia mizani. Siku hizi akiitwa hivyohivyo, mara nyingi anaitwa aje kununua.

Makala hii inahusu mwito huo: wa redioni, wa kwenye bango, wa kwenye simu, na wa jukwaani wakati wa kampeni. Ushauri wangu ni maswali mawili ya kujiuliza kila unaposikia mwito. Swali la kwanza: tangazo hili limeniitaje? La pili ni gumu zaidi: limesema shida yangu inatoka wapi?

Tuanze na la kwanza. Nenda stendi ya mabasi ya Nyegezi, Mwanza, na begi mkononi. Kabla hujavuka geti, mpigadebe ameshakupa cheo. "Bosi, Bukoba hiyo?" "Mayu, lete mzigo." "Anko, siti ya dirishani ipo." Hajui jina lako wala safari yako. Anachojua ni kwamba ukigeuka tu, ameshapata nusu ya nauli, maana aliyegeuka kwa jina la bosi ataona haya kuuliza kwa nini nauli imezidi. Mwaka 1970 mwanafalsafa wa Ufaransa, Louis Althusser, aliandika jambo la namna hiyohiyo, ila yeye alimtumia polisi anayempigia kelele mtu barabarani: "Wewe hapo!" Mtu akigeuka, akasema Althusser, kwa kule kugeuka amekubali kwamba yeye ndiye anayeitwa, na amekubali pia mamlaka ya anayemwita. Angepita Nyegezi angeufanya mfano wake uwe na kelele zaidi.

Jaribu hili nyumbani. Chukua daftari, fungua redio jioni moja, na kila tangazo linapopita usiandike bidhaa. Andika cheo ulichopewa. Mama anayejali. Kijana mjanja. Baba wa maendeleo. Mrembo. Mpambanaji. Mtu wa mjini. Shabiki wa kweli. Mwisho wa jioni utakuwa na orodha ya watu ambao redio inadhani unatamani kuwa. Pembeni ya kila cheo andika kitu unachopaswa kununua ili cheo kisiondoke. Hapo ndipo mambo huanza kuchekesha: mama hajali mpaka awe na sabuni fulani, na kijana si mjanja mpaka abadilishe laini. Wape watoto zoezi hili pia. Wanaliweza kuliko sisi, na hawachoki kulicheza.

Zingatia lugha nayo. Tangazo linapokusalimu "Mwangaluka!" ujue kuna mtu alikaa ofisini akakubaliana na wenzake kwamba salamu hiyo itakulainisha. Wagombea wanafanya vilevile. Mtu ameshuka kwenye ndege asubuhi, mchana yuko jukwaani Magu anasalimia kwa Kisukuma, na uwanja mzima unaitikia. Salamu si kosa, hata mgeni anafundishwa kusalimia. Wewe itikia kwa sauti, kisha subiri sentensi inayofuata, maana hiyo ndiyo yenye hoja au isiyo nayo. Khanga, kofia na fulana za kampeni nazo ni mwito, zimekukuta huna fulana mpya. Vaa ukitaka. Kura haina mfuko wa kuwekea fulana.

Sasa swali la pili, ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Kila tangazo lina maelezo ya umaskini wako. Halitamki waziwazi, lakini limo. Sikiliza matangazo manne yanayosikika na kuonekana sana kwetu: la kubeti, la kipodozi, la mganga na la mkopo. La kubeti linasema hujafanikiwa kwa sababu bahati haijakupitia. La kipodozi linasema ni rangi yako. La mganga linasema kuna mtu amekufunga. La mkopo linasema hujathubutu. Katika manne hayo hakuna hata moja linalotaja bei anayopewa mvuvi wa sangara ufukweni ikilinganishwa na bei ya minofu inayotoka kiwandani. Hakuna linalotaja mbegu mbovu, wala umeme, wala ada. Mtu akisikia maelezo hayo manne kutwa nzima, mwaka mzima, hatimaye anaacha kuuliza habari za mizani. Wasomi huita jambo hilo itikadi. Tukisikia neno hilo huwa tunafikiria vyama vya siasa, kumbe itikadi yenye nguvu zaidi huja na muziki mtamu na namba ya kulipia.

Tuanze na kubeti, kwa kuwa ndiko fedha nyingi za vijana zinakokwenda. Mwaka 2017 SportPesa iliingia Tanzania na kuwa mdhamini wa Simba na Yanga kwa mpigo; Julai mwaka huo ikaileta Everton ya Uingereza, Wayne Rooney akiwemo, ikacheza na Gor Mahia Dar es Salaam. Mwaka 2022 M-Bet ikachukua kifua cha jezi ya Simba. Tafakari maana yake kwa kijana wa Mabatini au Igoma. Ushabiki wake ni wa urithi, kaupata kwa baba au mjomba, na mapenzi hayo hayauzwi popote. Lakini jezi anayoinunua ina jina la kampuni ya kubeti kifuani, hivyo kila anapojitangaza kuwa Mnyama wa Simba au Mwananchi wa Yanga anaitangaza na kampuni, tena bila malipo. Fedha za jezi katoa yeye. Baada ya muda anaona kuweka mkeka, yaani kubashiri mechi nyingi kwa dau moja, ni sehemu ya ushabiki. Shabiki asiyebeti anaonekana kama hajui mpira.

Basi tupige hesabu ambayo tangazo halipigi. Tuseme umechagua mechi 10, na kila moja timu uliyoipa ina nafasi 6 kati ya 10 za kushinda, yaani umechagua vizuri kabisa. Ili mkeka upite lazima zote 10 zitoke. Zidisha 0.6 mara kumi: unapata takribani 0.006. Katika mikeka 1,000 ya namna hiyo, kama 6 itapita na 994 itachanika. Sasa angalia malipo. Kwa nafasi ya 6 kati ya 10, odi ya haki, yaani kizidishio cha dau lako, ingekuwa 1.67, na kwa mechi kumi shilingi 1,000 yako ingerudi kama 165,000. Kampuni nayo inatafuta riziki, kwa hiyo tuseme inakupa 1.55. Tofauti inaonekana ndogo mno. Lakini 1.55 ikizidishwa yenyewe mara kumi inatoa 80 hivi, kwa hiyo utalipwa 80,000. Zaidi ya nusu ya haki yako imeyeyuka kwenye desimali. Watu 1,000 wakiweka shilingi 1,000 kila mmoja, imekusanywa milioni moja, na washindi sita wamegawiwa 480,000. Hapo kodi bado. Wewe unaonyeshwa wale sita wakiwa na hundi kubwa ya kadibodi, na wale 994 hawapigwi picha.

Ukiamua kubeti hata hivyo, weka kiasi cha wiki ambacho kikipotea hutaulizwa nyumbani, usikopee, na punguza idadi ya mechi kwenye mkeka, maana kila mechi unayoongeza inaiongezea kampuni faida kuliko inavyokuongezea wewe matumaini. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ni ya mwaka 2003, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi. Mzazi, ukiona mtoto wa sekondari anajua odi za ligi ya Uturuki, usianze kwa kumfokea. Mpe kalamu mzidishe pamoja.

Vipodozi nitavisema kwa ufupi lakini kwa ukali. Mkorogo unauzwa sokoni, mitaani na kwenye simu, na wauzaji wake hawasemi "kujichubua". Wanasema kung'aa, kutakata, kupata rangi moja. Jina unalopewa ni mrembo, na maelezo ya shida yako ni ngozi uliyozaliwa nayo. Serikali ilishapiga marufuku vipodozi vyenye viambato vya sumu, lakini vinapenya mipakani. Kwa hiyo jifunze kusoma lebo kama unavyosoma tarehe ya mwisho ya dawa. Ukiona neno hydroquinone, rudisha. Ukiona clobetasol, hiyo ni dawa ya hospitali ya kundi la steroidi. Ikitumika ovyo hufanya ngozi iwe nyembamba na kuchanika. Ukiona mercury, mercurous chloride au calomel, hiyo ni zebaki, ileile wanayoitumia wachimbaji wadogo wa Geita kukamatia dhahabu, na inaharibu figo. Mara nyingine muuzaji hataji kitu, ila maelekezo yanakutahadharisha krimu isiguse pete, mkufu wala kitu chochote cha dhahabu au fedha. Shuku zebaki hapo. Kopo lisilo na lebo kabisa halina haja ya mjadala.

Matangazo ya waganga wengi wetu tunayachekea. Kibao kimepigiliwa kwenye nguzo ya umeme: mvuto wa biashara, kumrudisha mpenzi, kushinda kesi, kupata kazi, malipo baada ya mafanikio. Kwingine inaweza kuwa mzaha. Kwetu Kanda ya Ziwa maelezo ya "kuna mtu amekufunga" yamemwaga damu. Vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa jikoni. Kuanzia mwaka 2007 watu wenye ualbino waliwindwa kwa sababu kuna waganga waliouza imani kwamba viungo vyao huleta utajiri, na miongoni mwa waliotajwa kuwa wateja walikuwa wachimbaji na wavuvi, watu ambao kipato chao kinategemea kubahatisha na hivyo wana njaa ya maelezo. Mwaka 2008 mwandishi wa BBC, Vicky Ntetema, alijifanya mfanyabiashara akawaendea waganga wenyewe na kuyafichua mazungumzo yao. Vitisho vilivyofuata vilimlazimu kujificha. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alisimamisha leseni za waganga, na Januari 2015 Waziri wa Mambo ya Ndani, Mathias Chikawe, akatangaza marufuku ya wapiga ramli. Kibao cha nguzoni kinatoka katika ukoo huo wa maneno. Sisemi kila mganga ni muuaji. Wapo waliosajiliwa chini ya sheria ya tiba asili ya mwaka 2002 na wanajua mitishamba yao. Nasema anayekuuzia adui asiyeonekana, usimpe namba yako ya simu.

Mikopo ya simuni inajulikana mitaani kwa jina la kausha damu, na jina hilo linatosha kuwa onyo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kabla ya kukubali, tazama kama mkopeshaji yumo kwenye orodha ya waliopewa leseni na Benki Kuu, na usiiruhusu programu isome orodha ya namba kwenye simu yako. Siku ukichelewa kulipa, hao ndio watakaotumiwa ujumbe wa kukuaibisha, kuanzia mama mkwe hadi mwenyekiti wa mtaa.

Mpaka hapa nimezungumzia matangazo yanayolipiwa, kana kwamba habari ziko salama. Haziko. Mwanzoni mwa mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mti kwa shilingi 500 katika kijiji cha Samunge, Loliondo. Hakununua tangazo hata moja. Magazeti, redio na televisheni vilimfanyia kazi hiyo bure: leo foleni ya magari, kesho kiongozi fulani kanywa, keshokutwa mgonjwa anadai kapona. Kila habari ilikuwa ya kweli kwa maana kwamba foleni ilikuwepo na kiongozi alikunywa. Swali la pekee lililokuwa na maana kwa mgonjwa, yaani je, dawa inaponya, lilibaki nyuma ya picha. Wapo waliofia kwenye foleni, na wapo walioacha dozi zao. Jifunze hapo kuitofautisha habari ya umati na habari ya ukweli. Wingi wa watu unathibitisha kwamba watu ni wengi. Ukisikia taarifa ya namna hiyo, kaa kitako ukisubiri mtu mmoja tu: yule aliyewafuatilia wagonjwa miezi sita baadaye. Asipotokea, usifunge safari.

Kuna pia kichaka cha katikati, ambacho si habari wala si tangazo. Ni kipindi kilichonunuliwa. Mtangazaji anamkaribisha "mtaalamu wetu", anamuuliza maswali matamu, hakuna mgeni wa pili wa kumpinga, na mwisho namba ya simu inatajwa mara tatu. Hiyo namba ndiyo kipimo chako. Daktari wa hospitali ya rufaa akihojiwa kuhusu kisukari hatangazi namba ya kuagizia mzigo. Nyegezi kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, kinachofundisha uandishi wa habari, na vijana wanaotoka pale wanaujua mpaka kati ya habari na biashara. Wakifika studioni wanakutana na meneja mwenye bili ya umeme.

Hali haikuwa hivi siku zote, ingawa ya zamani nayo tusiivike kilemba cha dhahabu. Kwa karibu miongo mitatu baada ya uhuru Tanzania Bara ilisikiliza Redio Tanzania, ya serikali, basi. Mwaka 1973 ilirusha kampeni ya Mtu ni Afya: watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kwa wiki kumi na mbili, na kitabu mkononi na kiongozi wa kikundi, wakasikiliza kipindi, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Redio hiyohiyo, mwaka mmoja baadaye, ilikuwa sauti ya operesheni ya kuwahamishia watu vijijini, watake wasitake. Cheo cha "ndugu mwananchi" kiliweza kukupa choo na kiliweza kukubomolea nyumba.

Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1993 ikafungua mlango, na Mwanza ikapata sauti yake: Radio Free Africa, kisha Star TV, chini ya Sahara Media ya Anthony Diallo, ambaye pia amekuwa mbunge na waziri. Ni fahari kwetu kwamba redio iliyosikika nchi nzima ilirusha matangazo kutoka Ilemela. Ila uchumi ulibadilika. Redio ya biashara inaishi kwa kuuza muda wake kwa wenye matangazo, na bei ya muda huo inapanda kadiri masikio yanavyoongezeka. Kwa hiyo ijue redio yako kwa maswali mepesi: mmiliki ni nani, ana biashara gani nyingine, ana chama gani, na kipindi unachokipenda kinadhaminiwa na nani? Majibu hayakulazimishi kuizima. Yanakusaidia kujua ni habari gani hutaisikia hapo, ili ukaitafute kwingine.

Jambo moja la mwaka 1973 linafaa kurudishwa, nalo ni kusikiliza kwa kikundi. Simu imetutenga, kila mtu na kioo chake, na programu za mitandao hukuletea zaidi kile ulichokikawilia jana, hadi unaamini dunia nzima inawaza kama wewe. Kikoba chenu kinakutana kila wiki. Tengeni dakika ishirini. Mmoja alete tangazo au video iliyomshika wiki hiyo, lichezwe, na kikundi kijibu maswali yetu mawili. Akina mama wa vikoba wana faida kubwa hapa: wanajua hesabu, wanajuana, na hawaogopi kumwambia mwenzao amedanganywa. Kikundi kingekuwa na mazoea hayo mwaka 2009, DECI na upatu wake wa "kupanda mbegu" ingepata wakati mgumu.

Na ukidanganywa, lalamika kwa mpangilio. Andika siku, saa, jina la kituo na maneno yaliyotamkwa, piga picha ya skrini, tunza risiti na kopo. Tangazo la redio au televisheni liende mamlaka ya mawasiliano, TCRA; chakula na vipodozi shirika la viwango, TBS; dawa mamlaka ya dawa, TMDA; mkopo Benki Kuu. Zote zina ofisi Mwanza. Udanganyifu wa kibiashara kwa ujumla uko chini ya Tume ya Ushindani, kwa sheria ya mwaka 2003. Kituo chenyewe kipelekewe nakala, maana meneja asiyemwogopa msikilizaji humwogopa mdhamini, na mdhamini huogopa barua.

Wakati mwingine wewe si msikilizaji tena. Umekuwa bango. Mwenye duka anapakiwa ukuta rangi ya kampuni ya simu au soda na anashukuru kupata rangi ya bure. Shukuru, lakini kwanza taka karatasi: rangi itakaa muda gani, ushuru wa bango halmashauri ikiudai atalipa nani, na kampuni ikibadilisha jina ukuta utapakwa upya kwa gharama ya nani? Walioachwa na bluu ya Tigo baada ya kampuni kuwa Yas mwaka 2024 wanalielewa swali hili.

Mwanza nzima iliwahi kufanywa bango. Mwaka 2004 Hubert Sauper, mtengeneza filamu kutoka Austria, alitoa Darwin's Nightmare, filamu ya sangara wa ziwa letu, ndege za mizigo, watoto wa mitaani na mapanki, yaani mifupa ya samaki inayobaki minofu ikishatolewa. Ilishinda tuzo Ulaya, na mwaka 2006 ikateuliwa kuwania Oscar. Ilidokeza kwamba ndege zilizochukua minofu zilikuja na silaha. Ufaransa wakatokea watu wa kuhimiza sangara wasinunuliwe. Mwishoni mwa Julai 2006 Rais Jakaya Kikwete, akihutubia hapa Mwanza, aliishutumu vikali, na maandamano ya kuipinga yakafuata. Mwanahistoria François Garçon naye akaipinga Paris, hadi mambo yakafika mahakamani.

Mimi naona picha zake nyingi zilikuwa za kweli. Mapanki yalikaangwa na watoto walilala nje. Kamba ya kuziunganisha picha hizo na silaha ilisukwa kwenye chumba cha kuhariri. Na angalia vyeo vilivyogawiwa. Mtazamaji wa Paris aliitwa mlaji mwenye hatia, na dawa yake ikawa kususia samaki. Mkazi wa Mwanza aliitwa mhanga. Serikali ilipojibu, ikamwita mzalendo, ikamtaka aandamane. Mfanyakazi wa kiwanda cha minofu, ambaye tayari alishaonja marufuku za Ulaya dhidi ya samaki wetu mwishoni mwa miaka ya 1990, angepoteza kibarua kwa cheo cha kwanza na asingeongezewa mshahara kwa cheo cha tatu.

Kamera zitarudi. Ziwa letu lina mandhari, na simulizi za umaskini zina soko. Akija mtu na kamera kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba, awe wa ng'ambo, wa Dar es Salaam au wa kampuni ya sabuni, msalimie na umpe kiti. Kisha muulize kazi hii ni ya nani na nani kailipia, itaonyeshwa wapi, maneno yangu yatatafsiriwa na nani, na wengine mtakaoongea nao ni akina nani. Muulize kama unaweza kuisikiliza sehemu yako kabla hajaondoka. Taka karatasi yenye jina na namba yake. Ukiona anakuelekeza usimame wapi na ushike nini, muulize kwa nini pale na kwa nini kitu kile. Na kama jibu halikuridhishi, una haki ya kuendelea kuanika dagaa wako ukiwa umempa mgongo.